Mguu wa Nne

Karatasi za majibu zilifika Newala siku ya Alhamisi, zimekunjwa ndani ya bahasha kubwa ya kaki, na majibu yenyewe yalikuwa mazuri. Miguu yote minne ya mnara wa tangi la Lipelu ilikuwa salama. Rogath alizikunjua juu ya meza, upande huu hadi upande ule, akapitisha kidole safu baada ya safu, kisha akapiga mluzi.

"Veri, njoo uone! Mguu wa kwanza, salama. Wa pili, salama. Wa tatu. Na huu wa nne, salama pia. Jumatatu tunajaza maji!"

Veridiana hakuinuka. Alikuwa ameketi kwenye meza ya pili ya ile ofisi ndogo ya mradi wa maji, daftari limefunguka mbele yake. Siku tatu alikuwa hali chakula vizuri. Siku tatu moyo wake ulikuwa kama mtu aliyesikia hodi, akafungua mlango, asione mtu.

Kwa muda wa mwaka mmoja na miezi miwili Rogath alikuwa amemfundisha kazi ambayo hapo Newala hakuna mwingine aliyeijua. Yeye mwenyewe alikuwa amejifunza Dar es Salaam, baada ya chuo, kwenye kompyuta iliyofungiwa ndani ya chumba cha baridi. Veridiana hakuwahi kuiona hata kwa picha. Kilichofika Newala kilikuwa fomu tu. Programu ya kwanza ilikuwa ya maji: unaipa kila bomba namba, urefu, upana, na jinsi lilivyo na mikwaruzo ndani, nayo inakwambia maji yatakwenda wapi na kwa nguvu gani. Ya pili ilikuwa ya majengo: unaipa kila chuma na kila kiungo, inakwambia kipi kitabeba na kipi kitapinda. Fomu zinakwenda Mtwara kwa gari, zinapanda ndege ya posta hadi Dar es Salaam, kule wanazigeuza kuwa kadi za matundu, na baada ya wiki tatu majibu yanarudi. Ukikosea nukta moja, unasubiri wiki tatu nyingine.

Mara ya kwanza kabisa Veridiana alikosea alama moja tu, na mashine ikajibu kwamba maji yatatoka Lipelu, juu ya mlima, yashuke yenyewe hadi pampu iliyo bondeni, badala ya pampu kuyapandisha. Rogath alicheka hadi akatoa machozi. Alipoona binti wa watu ameinamisha kichwa kwa aibu, aliacha kucheka, akavuta kiti karibu.

"Usilie, Veri. Mashine haina akili. Ina utii tu. Inafuata unachoiambia."

Siku ile Veridiana aliitazama mikono ya kijana huyu Mchaga wa Kibosho, ilivyoshika kalamu kwa upole, akajua kwamba amekwisha kumpenda.

Sasa mikono ile ile ilikuwa imechukua kalamu kutia saini barua ya kuruhusu tangi lijazwe.

"Usisaini kwanza," alisema Veridiana.

Kalamu ikasimama. "Kwa nini?"

"Nina swali."

"Uliza basi, mwalimu." Bado alikuwa akitabasamu.

"Nani aliiambia mashine kwamba ardhi ya Lipelu haishuki?"

Tabasamu likabaki usoni, lakini macho yalibadilika. "Sisi. Safu ya mwisho ya fomu. Kila mguu unauandikia sifuri, maana yake umeshikwa imara chini. Nilikufundisha mwenyewe."

"Ndiyo. Niliandika sifuri nne kwa mkono wangu. Lakini mguu wa nne, Rogath, umesimama palipokuwa na mkorosho."

"Newala nzima ni mikorosho."

"Huu ulikuwa wa mjomba. Uling'olewa kwa tingatinga wakati kijiji kinapimwa, pamoja na mizizi yake. Nilikuwepo. Shimo lilikuwa linanizidi kimo. Walilifukia kwa mchanga mtupu, majani na vipande vya mizizi, hawakushindilia." Alilisukuma daftari mezani. "Nimejaribu kwa mkono. Nimeushusha mguu wa nne inchi moja tu. Tazama mzigo ulivyohama. Wa kwanza na wa tatu inabaki kubeba tangi zima. Wa pili na wa nne ni kama imening'inia."

Rogath alilitazama daftari, lakini hakuketi kulisoma. Alitazama kama mtu anayetazama barua ya msiba ya nyumba ya jirani.

"Kurasa kumi na nne," alisema. "Umefanya haya lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Siku tatu unanitazama nikingoja majibu, na husemi?"

"Nilitaka niwe na hakika."

"Una hakika?"

"Sina. Sijui utashuka inchi ngapi. Ndiyo maana sipati usingizi."

Rogath alizunguka chumba. Mfukoni alikuwa na barua iliyofika wiki iliyopita: Jumanne aondoke kwenda Dar es Salaam, akawe mkuu wa kitengo cha mahesabu, akawafundishe wengine ile programu. Lakini kwanza tangi lijazwe Jumatatu, mbele ya wageni kutoka Mtwara. Na katikati, Jumamosi, alikuwa amepanga kumpeleka mshenga kwa mjomba wake Veridiana. Kila kitu kilikuwa kimepangwa kama bakuli, moja ndani ya jingine.

"Mashine imejibu," alisema hatimaye.

"Imejibu tulichoiuliza."

"Mwaka mmoja, Veri! Umejifunza mwaka mmoja. Mimi nimesoma miaka minne na nimesimamisha matangi matatu."

"Ulinifundisha vizuri," alijibu Veridiana kwa sauti ndogo.

Hata angemtukana, isingemuuma kiasi kile. Rogath aliinama, akatia saini barua kwa nguvu hadi kalamu ikachana karatasi, akachukua kofia yake.

"Basi nitakuonyesha," alisema. Akatoka, na mlango ukabaki ukipigwapigwa na upepo wa Julai.

*

Ijumaa hakuonekana ofisini. Saa nane Veridiana alishindwa kukaa, akafunga dirisha, akapanda lori la korosho lililokuwa likienda upande wa Chilangala, akateremka njia panda ya Lipelu. Njia nzima mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua, na harufu yake tamu ilimkera.

Lipelu kilikuwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa kwa mistari, na katikati ule mnara mrefu wa chuma, tangi juu yake. Hata kwa mbali macho yake yalikimbilia mguu wa upande wa mashariki. Ulionekana umenyooka. Yote ilionekana imenyooka.

Njiani aliwakuta akina mama wakipanda kutoka bondeni na ndoo kichwani. Toka alfajiri hadi saa hizi, kwa ndoo moja. Mbele yao alikuwa Sijaona, aliyevuka Ruvuma miaka minne nyuma na watoto wawili, akikimbia vita, na tangu hapo hajawahi kusema neno kwa sauti ya chini.

"Veridiana! Mchumba wako mwambie mimi ndoo hii ni ya mwisho! Jumatatu naivunja kwa mawe!"

Wote wakacheka. Veridiana naye akacheka, akaharakisha mwendo.

Nyumbani mama yake, Mama Veri kama walivyomwita, alikuwa akimenya ming'oko, viazi vya porini, kwa ajili ya posa ya kesho. Alimtazama binti yake mara moja.

"Mmegombana."

"Hapana, mama."

"Nimekuzaa mimi. Mmegombana."

Veridiana aliketi kwenye mkeka, akainuka, akaketi tena. Mbali, ng'ambo ya Ruvuma, kulisikika mngurumo. Hakuna aliyeuliza kama ni radi. Julai hakuna radi.

"Mama, kama mtu unampenda, na unajua neno litakalomwangusha, unamwambia?"

"Litamwangusha yeye peke yake?"

"Hapana."

"Basi ulishamwambia. La sivyo usingekuwa na uso huo." Mama Veri alitupa ganda. "Mjomba wako hamtaki, unajua. Anasema Wachaga wanachukua mke, wanachukua na watoto, wanakwenda nao mlimani. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Nimemwomba asikilize tu, kwa ajili yangu. Kesho mtu wako asipokuja, mwanangu, sitakuwa na uso wa kumwomba tena."

"Atakuja," alisema Veridiana. Hakujua anamdanganya nani.

*

Jumamosi walimtarajia Rogath saa nne asubuhi. Kuku alikuwa amekwisha kupikwa. Mjomba Selestini aliketi kwenye kiti cha uvivu, amevaa koti lake jeusi la kanisani, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kila moja alilitoa kana kwamba analiazima tu, atalitaka tena.

Saa tano. Saa tano na nusu. Mama Veri alifunika chakula kwa mara ya tatu. Chumbani, Veridiana alikuwa amevua hereni, akazivaa, akazivua.

"Watu wa mshahara," alisema Mjomba Selestini, "saa zao zinapiga kwao."

Ndipo Landrova ikasimama nje, na Mzee Dastani akaingia peke yake. Alikuwa dereva wa mradi, Mmakua wa Masasi, mtu mzima mwenye mvi, na ndiye aliyekuwa mshenga. Alivua kofia.

"Shikamooni wenye nyumba. Jamani, nina aibu. Nimekuja bila bwana harusi."

"Yuko wapi?" aliuliza mjomba.

"Yupo. Yuko pale kwenye tangi tangu jua linachomoza. Amevaa shati jeupe la posa, yumo ndani ya shimo, anachimba kwa jembe. Nimemwambia tumechelewa, hanisikii. Amesema niwaombe radhi, na nimwambie Veridiana..." Alisita.

"Nini?" Veridiana alikuwa ameshatoka chumbani bila kuitwa, jambo lisilofaa kabisa.

"Amesema, uzi umesogea vidole viwili."

Hakuna mwingine aliyeelewa. Veridiana alitafuta viatu vyake.

Kabla hajasema kitu, kelele zilizuka nje. Wanawake walikuwa wakikimbia, ndoo na mitungi mikononi, na mtu alikuwa akipiga yowe: "Maji yanamwagwa! Njooni, maji yanamwagwa mchangani!"

*

Maji yalikuwa yakiporomoka kutoka bomba la chini la tangi, manene kama paja la mtu, yakipiga mchanga mwekundu na kuuchimba mfereji. Nusu ya Lipelu ilikuwa pale. Wengine walikinga ndoo, wengine masufuria, kina bibi wengine walikuwa wamelowa chepechepe na wanacheka kama watoto. Lakini waliokuwa nyuma, ambao hawakupata nafasi, waliyatazama maji yakipotea ardhini, na nyuso zao hazikuwa za kucheka.

Kamba nyembamba ya timazi, ya kupimia wima, ilining'inia kutoka juu ya mnara, kipande chake cha risasi karibu na ardhi. Chini ya risasi kulikuwa na ubao wenye alama mbili za penseli. Veridiana alipima kati ya alama hizo kwa vidole. Viwili.

Chini ya mguu wa nne kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo alikuwa Rogath, tope hadi kiunoni. Alipomwona aliacha jembe.

"Nilitaka kukuonyesha kwamba umekosea," alisema. "Nilimwambia mtu wa pampu ajaze usiku kucha, robo tu. Nikafunga timazi. Nikasema asubuhi nitakuja kwenu, nikupe habari mbele ya mjomba wako, tucheke. Asubuhi uzi umehama, nikafungua bomba maji yatoke. Robo ya tangi, Veri! Jumatatu tungelijaza lote, na watu wangesimama hapa chini wanapiga makofi."

Aliinama, akainua kitu kwa mikono miwili, akakiweka ukingoni. Kilikuwa kipande cha mzizi, kimeoza, kinabomoka kama mkate wa jana.

Fimbo iligusa ule mzizi. Mjomba Selestini alikuwa amefika, koti lake jeusi limeingia vumbi.

"Mkorosho wangu," alisema.

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Alimtazama huyu mkwe aliyesimama kwenye tope. "Ulikuwa unazaa gunia tatu."

Lakini Sijaona alikuwa amekwisha kupenya katikati ya watu. Ndoo yake ilikuwa tupu.

"Mimi sitaki habari za mikorosho! Miaka minne nashuka bonde. Mtoto wangu wa tatu nilimzalia njiani na ndoo iko pembeni. Mmetuambia Jumatatu, Jumatatu, na leo nasimama nayaona maji kwa macho yangu yanamwagwa chini? Nani kaamua? Nani?"

Watu walimwunga mkono, na mduara ukabana. Rogath alipanda kutoka shimoni.

"Mama, mnara hauko salama. Hesabu zilikuwa na kosa. Ukijazwa utaanguka."

"Kosa la nani?"

"La kwangu," alisema Veridiana.

Alikuwa amesogea bila kujua amesogea. "Dada Sijaona, fomu niliijaza mimi. Mimi ndiye niliyeiambia mashine kwamba ardhi hapa ni ngumu kama jiwe. Nami nimezaliwa hapa. Nilijua ni mchanga, nilijua palikuwa na shimo. Nilijifunza kujaza safu, sikujifunza kuuliza. Kama ni kumpiga mtu, nipigeni mimi."

"Usimsikilize," Rogath alisema. "Yeye aliniambia Alhamisi. Aliniletea kurasa kumi na nne. Mimi nikatia saini juu ya maneno yake, kwa sababu nilikuwa na barua ya cheo mfukoni na sikutaka iniponyoke. Saini ni yangu. Kosa lina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi."

Alisema hivyo mbele ya kijiji kizima, kwa sauti ya kawaida, na Veridiana alimtazama akasahau watu. Lile shati la posa lilikuwa limechanika begani. Kamwe hakuwahi kumwona mzuri kama vile.

Sijaona aliwatazama wote wawili, huyu kisha huyu. Hasira yake haikuisha, ila ilikosa pa kukaa.

"Itachukua muda gani?" aliuliza.

"Miezi mitatu. Labda minne," alijibu Veridiana.

"Mimi nitashuka bonde miezi minne mingine."

"Ndiyo, dada."

"Na wewe utashuka na mimi. Kila Jumamosi. Ndoo kichwani. Ili usisahau tena kuuliza."

"Nitashuka."

Sijaona alisogea hadi kwenye bomba, akakinga ndoo yake. Maji yaliyobaki yalimtosha nusu.

Mjomba Selestini alikohoa. Watu wakampisha.

"Kijana," alimwambia Rogath, "chakula cha posa kimepoa. Leo sina la kukujibu, na wewe huna nguo ya kusimama nayo mbele yangu." Akapiga fimbo mara moja kwenye ule mzizi. "Lakini mwongo hachimbi shimo la kujizika mwenyewe. Nenda kaoge."

*

Jumatatu hapakuwa na wageni wala ngoma. Rogath alikwenda Mtwara kueleza, na Veridiana alimsindikiza hadi kituo cha basi. Walisimama wametengana hatua moja, kama inavyopasa hadharani, na hatua ile iliwauma.

"Nitaandika," alisema Rogath.

"Andika."

"Cheo kimekwenda, Veri. Huenda na kazi ikaenda."

"Najua."

"Unanichukia?"

"Alhamisi nilikuchukia. Ijumaa nikachoka." Alitaka kumgusa begani, akashika kamba ya mkoba wake badala yake. "Rudi tu."

Basi lilikwenda. Barua haikuja wiki ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu.

Hizo ndizo wiki Veridiana alizojifunza kazi yake hasa. Hapakuwa na wa kumwuliza. Alisoma kile kitabu cha maelezo cha Kiingereza ukurasa kwa ukurasa, kamusi ubavuni, hadi akaikuta ile sura ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha: namna ya kuiambia mashine kwamba ardhi inabonyea, kila mguu kwa kiasi chake. Alikwenda Lipelu na mafundi wawili, wakachimba mashimo manne, wakaweka vyuma vizito juu ya vibao na kupima mchanga unavyobonyea saa baada ya saa. Mguu wa kwanza aliuandikia namba yake, wa pili yake, wa tatu yake. Wa nne aliufanyia hesabu ya msingi mpya, mpana mara tatu, uliofungwa na mingine kwa nondo ili mmoja usishuke peke yake. Hakuandika sifuri hata moja.

Alizituma fomu. Kisha hakuweza kutulia. Alifagia ofisi iliyokwisha kufagiliwa. Jumamosi alishuka bonde na Sijaona, akapanda na shingo inawaka, na Jumapili kanisani alisimama wengine walipoketi. Mama yake alimwona akizungumza na sahani.

"Mwanangu, unangoja majibu ya nani? Ya mashine au ya mtu?"

"Sijui, mama. Yote yamechelewa."

Ya mashine yalitangulia. Alizikunjua karatasi peke yake, akapitisha kidole kwenye safu. Halafu hakuziamini. Alikaa siku mbili akizihakiki kwa mkono, mguu kwa mguu, na hesabu zilipokubaliana alitafuta mahali palipoandikwa "aliyekokotoa", akaandika jina lake lote. Barua ya kibali ilirudi kutoka Mtwara na saruji ikaanza kupanda mlima.

Ilikuwa wiki ya saba. Mafundi walikuwa wakimwaga zege kwenye msingi wa mguu wa nne, naye Veridiana amesimama ukingoni, kanga kiunoni, viatu vimepauka kwa saruji, akiwakemea wasiache kushindilia pembeni. Lori jingine la saruji lilisimama. Mtu aliruka kutoka nyuma, juu ya mifuko, mweupe kwa vumbi kama mzimu. Alikuwa amekonda.

Veridiana aliwageukia mafundi. "Msisimame! Zege haingoji." Kisha akamgeukia mgeni.

"Nimerudi," alisema Rogath.

"Nakuona."

"Wamenirudisha kuwa fundi wa kawaida. Mkuu wa mradi atakuja mwingine mwezi ujao. Na barua niliandika nne. Sikuzituma. Kila moja ilikuwa inaomba unihurumie."

"Ungetuma hata moja mbaya," alisema Veridiana, na machozi yakamjia kwa hasira. "Wiki saba, Rogath! Wiki saba nakula kama ndege!"

"Nisamehe."

"Wiki saba!"

"Nisamehe, Veri." Alitazama msingi, upana wake, nondo zilivyofungwa kutoka mguu hadi mguu. Aliuzunguka wote. Akarudi aliposimama mwanzo. "Mtwara wamenionyesha hesabu hizi. Nilizisoma usiku mzima. Mimi nisingeweza kuzifanya."

"Ungeweza. Ungeketi tu, ukasoma."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechapwa akastahili. Kisha akavua kofia, akaishika kifuani.

"Nimepita kwa mjomba wako kabla ya kuja hapa."

"Amesema nini?"

"Amesema nikitaka kuoa kwake nijenge hapa, si kwetu. Nimemwambia nitajenga. Habari za watoto tumebishana saa nzima, na tutabishana tena. Hatujamaliza." Alivuta pumzi. "Lakini nilipotoka nje nikakumbuka jambo likanitia aibu. Nimetuma mshenga kwa mjomba. Nimezungumza na mama yako. Nimeandika kwetu Kibosho. Mwaka mzima huu, Veri, wewe sijakuuliza."

Upepo ulipita kati yao. Mafundi walikuwa wameacha kushindilia; hata yule wa kuchanganya mchanga alikuwa ameegemea koleo lake.

"Basi niulize," alisema Veridiana.

"Utakubali niwe mume wako?"

Veridiana alitaka neno litoke likiwa limepimwa.

"Nitakubali. Lakini hesabu za mradi huu ni zangu hadi maji yatoke, hata aje mkuu gani. Na siku nikikuletea kurasa kumi na nne, utaketi."

"Nitaketi."

"Sema tena."

"Nitaketi, Veri."

Ndipo alipotabasamu, kwa mara ya kwanza tangu ile Alhamisi, akafuta macho kwa ncha ya kanga. Akaokota koleo lililokuwa limelala karibu na miguu yake, akamkabidhi.

"Ingia shimoni," alisema. "Zege inakauka."